Mengineyo

Mimi ndiye ninayeandika muhtasari.
Ukisoma popote "wajumbe walijadili kwa kina",
ni mkono wangu huo.
Walichojadili kwa kina ni sambusa:
mbona za leo zina viazi
na zile za Machi zilikuwa na nyama.

Ajenda ya kwanza, kufungua kikao: saa nne kamili,
yaani saa tano na robo,
akidi ilipotimia kwa kumwita Mzee Ngalai dirishani.
Alikuwa anapita zake, kabeba cherehani anapeleka kwa fundi.
Tukamwandika mjumbe mwalikwa. Akasaini posho.
Tangu siku hiyo cherehani ile haiponi:
kila kikao, saa tano na robo,
inapita hapa kwenda kutibiwa.

Ajenda ya pili, yatokanayo:
choo cha soko letu la Pasua, matundu manne,
kimezinduliwa mara tatu.
Mara ya kwanza na diwani, Mheshimiwa Ndetaulwa Mlay,
kwa hotuba ndefu kuliko ujenzi.
Mara ya pili na mgeni wa mkoani
aliyepotea njia akienda kuzindua darasa,
akasema basi, hata hiki.
Mara ya tatu baada ya kubadili rangi ya milango,
maana kuna walionong'ona kwamba bluu ina mwelekeo.
Tukapaka kijivu, rangi ya wingu.
Wakauliza: wingu la upande gani?

Utepe ni ule ule.
Naufua, naupiga pasi,
nauhifadhi kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa SIRI.
Kila mkasi ukipita, unapungua.
Mara ya tatu walioushika huku na huku
walikaribiana kama ndugu wanaogombea finyango la mwisho,
na mkasi katikati unahema, unatafuta pa kupita.
Mara ya nne, nawaonya, tutazindua kidole.

Maji?
Nilijua utauliza.
Maji yako kwenye mchakato.
Mlima uko pale juu na barafu yake kichwani,
unalitazama bomba letu
kama tajiri aliyealikwa harusi ya jirani maskini:
anachungulia asubuhi, anaonekana kafika,
saa tatu keshajifunika shuka la wingu.

Aikande wa ndizi mshare akasimama mkutanoni.
Hakuuliza bajeti, hakuuliza mkandarasi.
Aliuliza: ufunguo anao nani?

Mwenyekiti akamtazama mtendaji,
mtendaji akaitazama feni,
feni, kwa kuwa umeme ulikatika,
ikatutazama sisi.
Nikaandika: "Swali lilipokelewa."

Jioni redio ikatangaza.
Mwandishi wake, Hilari, alikuja na kinasa sauti kisicho na betri,
akaondoka na nauli, lakini habari aliipata:
wananchi wa Pasua wameelezea furaha yao isiyo kifani
kufuatia kukamilika kwa choo cha kisasa.
Aikande alikuwa nyuma ya meza yake,
kabana magoti,
anaisikiliza furaha yake.

Ajenda ya mwisho, mengineyo.
Hapa huwa naandika "hayakuwepo".

Yalikuwepo.
Ufunguo ninao mimi.
Nilikabidhiwa siku moja na utepe, nikasaini,
hakuna aliyesema nimpe nani.
Nimeandika barua mbili kuuliza.
Nilijibiwa moja: kifunguliwe rasmi kwanza.
Ya pili ikarudi kwangu niipigie muhuri.

Kwa hiyo alfajiri, kabla ya malori ya vitunguu,
Aikande anagonga dirisha langu kwa ukucha,
ndoo ya maji ya mfereji mkononi.
Namfungulia. Nasubiri nje, naangalia kwingine, kama serikali.
Tunafunga, tunaagana.
Hata mwenyekiti alishakuja siku moja, kajitanda kanga ya mkewe.
Hatukusalimiana.

Hilo halimo kwenye muhtasari.
Kikao kilifungwa kwa sala saa saba kasoro,
na dirishani, polepole,
cherehani ikapita ikirudi.